Picha Niliyoiosha Nikiwa Nimefungwa Macho

Kamera yenyewe niliinunua mnadani, katika vitu vya meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirejea kwao Ulaya. Dalali alitangaza kwamba ilikuwa mali ya afisa wa Kijerumani aliyeitumia kupiga picha za vita vya Tanga. Nikamwuliza alijuaje. Akasema kila mtu anajua. Nikamwomba anitajie mmoja tu katika hao kila mtu. Alinitazama kwa huruma, akagonga nyundo, na kamera ikawa yangu. Kwa hiyo nitaandika lile tu ninaloweza kulithibitisha: ilikuwa kuukuu, ilinuka ngozi na kuvu, na ilikuwa na tabia ambayo sijapata kuiona katika kamera nyingine hadi leo.

Kamera za kawaida hukodoa jicho mbele na kungoja. Hii yangu iligeuza jicho. Ilikuwa kisanduku kipana chenye uso wa mviringo, na ulipobonyeza kitufe jicho lilianza safari upande wa kushoto, likapita katikati, likaishia kulia, huku likiijaza filamu kidogo kidogo, kama fundi apakaye ukuta chokaa. Juu ya mtambo kulifungwa kipande cha bati mfano wa bawa, kazi yake kupambana na hewa ili jicho lisikimbie. Ukifunga bawa dogo, jicho liliruka. Ukifunga kubwa, lilikwenda kwa madaha, kama mgeni anayepitisha macho kwenye safu ya watu akimtafuta ndugu yake. Picha iliyopatikana ilikuwa fupi kwa kimo na ndefu mno kwa upana. Ungeweza kutia ndani yake msikiti, mwembe, gereji na baiskeli zote zilizoegeshwa baina yao, na hakuna aliyehitaji kusogea.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mwalimu kijana, nikiishi kwa Bibi yangu mzaa baba, mtaa wa Chumbageni, Tanga. Filamu zangu niliziosha mwenyewe katika chumba cha kuwekea nazi, kwa dawa za unga nilizonunua duka la dawa mjini na maji ya mtungini, kwa sababu maji ya bomba la Tanga yana joto la kutosha kuyeyusha utando wa filamu ukateleza wote ukabaki na karatasi ya kioo mkononi. Taa yangu ilikuwa ya kioo chekundu, ya kazi ya reli. Filamu za aina ile hazikuona rangi nyekundu, basi mtu aliweza kuzitazama zikibadilika bila kuziunguza.

Chumba kilichofungwa mchana, taa nyekundu ndani yake, na harufu ya dawa kama siki ikitoka chini ya mlango: watu watasema nini? Walisema. Siku moja niliambiwa kwamba kamera yangu, kwa kuwa hugeuza jicho, huona hata yaliyo nyuma ya kanga. Niliamua kuufuata uvumi ule hadi chanzo chake. Muuza kahawa aliutoa kwa fundi cherehani, fundi kwa mkewe, mkewe kwa jirani, na jirani, nilipomsimamisha mlangoni pake, alisema kwa utulivu kabisa kwamba aliusikia kwangu mimi. Tangu siku hiyo sikubali jambo lolote la kusikia kabla sijajua limepita midomo mingapi, na ikiwezekana midomo ya nani.

Nimeyatanguliza haya ili msomaji apime vizuri adhabu iliyonifika.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa akimwoza binti yake wa pekee. Bwana harusi alikuwa karani aliyepangiwa kazi Kigoma, na baada ya sherehe bibi harusi angepanda meli hadi Dar es Salaam, kisha treni hadi mwisho wa nchi. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba mama na binti huenda wasionane tena kwa miaka. Walizungumzia zaidi kama Kigoma kuna nazi.

Asubuhi moja Bibi aliniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa akasema:

"Nataka picha."

"Vizuri, Bibi."

"Ya wanawake wote wa nyumba hii. Wanangu, wajukuu, wakwe. Vichwa wazi, na dhahabu zao, na asumini zao, kama tulivyo wenyewe ndani. Mtoto aende nayo huko Kigoma, siku akituwaza atutazame. Asikosekane hata mmoja."

"Vizuri zaidi."

"Na asiione mwanamume asiye maharimu."

Mimi ndiye niliyekuwa na kamera, na katika wanawake wale nusu yao ningeweza kuwaoa kwa mujibu wa sheria, akiwamo bibi harusi mwenyewe, binti wa shangazi yangu. Nikamkumbusha Bibi kwamba mimi ni mwanamume.

"Nalijua," akasema. "Nilikuwapo ulipozaliwa."

Nikapendekeza mpiga picha wa mjini. Akaguna. Mpiga picha yule alikuwa na vijana wengi dukani na dirisha kubwa linaloangalia barabara, na picha nzuri zilizopita mikononi mwake zilikuwa na desturi ya kuonekana dirishani. Basi likakatwa shauri: picha itapigwa na mwanamke, na filamu itaoshwa nyumbani. Mwanamke huyo akawa Shangazi, kwa kuwa kwangu alikuwa maharimu, ningeweza kumfundisha ana kwa ana, na kwa kuwa katika nyumba nzima hakuna kilichomtisha, hata Bibi.

Alikuwa mwanamke mpana, mwepesi wa mikono, na ulimi wake ulifahamika hadi kijiji cha Tongoni. Alijifunza upesi kukaza ufunguo, kusogeza filamu mpaka namba itokee katika kidirisha chekundu, kufungua kifuniko na kubonyeza. Kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na elimu yangu, sikuwa nimelifikiria.

"Sasa mimi mwenyewe nitakuwa wapi?"

"Nyuma ya kamera."

"Yaani mwanangu anakwenda na picha ya wote isipokuwa mama yake."

Alilisema bila kupandisha sauti, akashughulika kufuta vumbi kwenye kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Nilijaribu kufunga uzi kwenye kitufe ili avute akiwa mbali. Kisanduku kilitikisika juu ya miguu yake mitatu kama mtu mwenye homa. Ndipo nikaikumbuka tabia ya jicho.

"Shangazi, jicho hili linakwenda polepole. Nitafunga bawa kubwa kuliko yote. Wewe ukishabonyeza, zunguka upesi ukasimame mwisho wa mstari. Likifika huko litakukuta umesimama."

"Mwisho wa mstari?"

"Kama mstari wa kitabu. Linaanzia mwanzo, linaishia mwisho. Na katika kukimbia usipite mbele ya kamera."

"Nimefahamu. Hata mimi nimesoma."

Nilitaka tufanye zoezi la kukimbia pia. Akaniambia kwamba alijua kukimbia kabla baba yangu hajajua kutambaa, na somo likaishia hapo.

Duka la mjini lilikuwa na filamu moja tu ya upana ule, na mwenye duka hakuweza kuniahidi nyingine. Ilitosha picha nne. Siku ya pili baada ya nikahi, jua la alasiri lilipohamia nyuma ya nyumba na ua ukaingia kivuli chepesi, nilisimamisha kamera katikati ya uwanja mtupu. Nikachora kwa mkaa upinde sakafuni wa kupanga miguu, kwa maana kamera ile ukiwapanga watu katika mstari ulionyooka huwatoa wamejipinda, na ukiwapanga katika upinde huwatoa wamenyooka. Bibi angekaa kitini katikati na bibi harusi upande wake mmoja. Nikakagua kila kitu mara mbili, kisha nikatolewa nje na mlango ukafungwa kwa komeo.

Nilisimama uchochoroni, mgongo kwenye ukuta wa ua. Kutoka ndani zilikuja sauti za bangili, harufu ya udi, na kicheko cha watu wanaoambiwa wasicheke. Mzee mmoja wa mtaani alipita na kanzu yake, akasimama.

"Mwalimu, umefukuzwa?"

"Napiga picha, mzee wangu."

Akautazama ukuta, akanitazama mimi na mikono yangu mitupu, akaenda zake. Sina shaka alilifikisha kwa muuza kahawa.

"Tayari!" Shangazi akapaza sauti. "Nabonyeza!"

Nikasikia mlio wa mtambo, kama cherehani inayosinzia, kisha kishindo cha miguu ikikimbia, pumzi, kimya, halafu vigelegele.

"Umewahi?" nikauliza juu ya ukuta.

"Nimewahi! Nimesimama kama mlingoti!"

Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nikasikia sauti ya Bibi akimwambia apunguze kishindo maana anawatilia vumbi kwenye nywele. Ya nne, mtambo ulilia, miguu ikaanza kukimbia, kisha ikasita. Nikasikia "ah!" ya mtu mmoja, mlio mkubwa wa sinia la shaba likianguka na kuviringika, na baada yake kelele ambazo sikuweza kutambua kama ni kilio au kicheko.

"Kimeanguka nini?"

"Hakijaanguka kitu!"

"Nimesikia, Shangazi!"

"Wewe si ndiye usiyesadiki la kusikia?"

Sinia likamaliza kuviringika.

Kesho yake adhuhuri tuliziba nyufa za chumba cha nazi kwa magunia na mablanketi. Niliwasha taa yangu nyekundu, nikapanga mabakuli matatu ya udongo, la dawa ya kutokeza picha, la maji, na la dawa ya kukaza. Nikaeleza mbele ya Bibi kwamba katika hatua hii picha huwa kinyume, cheupe cheusi na cheusi cheupe, hata mtu hawezi kuitambua sura ya mama yake.

"Sura ni sura," akasema Bibi, akanikalisha chini na kunifunga macho kwa kanga, mafundo mawili. Kisha akatoka kukaa kizingitini na tasbihi yake, kulinda mlango na, nadhani, kunilinda mimi.

Sasa fikirini. Mtu aliyekataa maneno ya dalali, ya muuza kahawa na ya mtaa mzima, amekaa gizani, macho yamefungwa, ameshika filamu ncha mbili akiipandisha na kuishusha ndani ya bakuli kama anayebembeza mtoto, na kila anachokijua juu ya kazi yake anakipata kwa kusimuliwa na shangazi yake. Picha ikikaa dawani kupita kiasi huwa masizi matupu. Ikitoka mapema huwa ukungu. Anayejua ni yule anayeona.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu. Ni nyeupe kama maziwa."

Nikaendelea kubembeza. Jasho liliteremka ndani ya kanga.

"Na sasa?"

"Pametokea madoa." Kisha akapiga kelele: "Yallah! Mwanangu meno yake yamekuwa meusi! Na nywele zake nyeupe kuliko za Bibi!"

"Ndivyo inavyotakiwa, Shangazi. Nyeusi kiasi gani?"

"Nyeusi."

"Kama nini?"

"Kama chungu."

"Chungu kipya au cha zamani?"

"Mwalimu, huu mtihani?"

"Ukikosea tumeipoteza. Chungu gani?"

Akainama, nikahisi pumzi zake karibu na mkono wangu. "Chungu cha kupikia maharage," akasema, "siku chache baada ya kununuliwa."

Huo ndio ulikuwa ushahidi wangu. Nikamwomba anionee uso wa mtu aliyesimama kando kabisa, kama jicho lake linatengana na paji. Akasema linatengana. Nikaisogeza filamu kwenye maji, kisha kwenye dawa ya kukaza, na kumwambia kwamba sasa hakuna haraka, atazame anavyotaka.

Akatazama. Nilimsikia akiwataja watu mmoja mmoja kwa nafasi zao kutoka picha ya kwanza: mke wa kaka, mtoto wa ndugu, Bibi kitini, bibi harusi. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Akahamia picha ya pili. Sauti ikapungua. Alipofika ya tatu hakutaja tena mtu.

"Baba," akasema. Shangazi huniita baba anapoacha mzaha. "Mimi simo."

"Haiwezekani. Ulisimama mwisho wa mstari."

"Nilisimama. Pale pale, mwisho, karibu na mlango wa jiko. Ninaliona jiko, lile pale. Mimi simo."

Nikiwa ndani ya kanga niliujenga upya ua ule kichwani: kamera katikati, kisima kulia kwake, mlango wa jiko kushoto. Kushoto! Jicho lilianzia jikoni. Aliufika mlango wa jiko wakati jicho lilikwisha pita zamani, likiwa njiani kuelekea kisimani.

"Shangazi, nilisema mwisho wa mstari. Jiko ni mwanzo."

"Mwanzo wa kitabu gani? Tangu lini mstari ukaanzia kushoto?"

Ndipo nikaelewa. Mimi nilisoma shule ya serikali. Yeye alisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, kwa juzuu na mbao, na aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, safi kuliko hati yangu. Kwake yeye mstari wowote duniani ulianzia mkono wa kulia, na nilipomwambia "kama mstari wa kitabu" alikwenda kwa uhakika kamili mahali ambapo vitabu vyake vyote huishia. Hata kamera ilimuunga mkono, maana kwa nyuma kilichoonekana ni mkia wa mtambo tu, nao ulikwenda kinyume cha jicho.

Nje ya mlango tasbihi ilisimama. "Kuna nini?" Bibi akauliza.

Nilimsikia Shangazi akivuta kamasi taratibu, kama mtu asiyetaka kusikika. Meli ilikuwa ya wiki ile ile. Filamu nyingine haikuwapo mjini, na wakwe wengine walikwisha rejea kwao Moa. Nikatafuta la kusema katika yote niliyosoma, nikalikuta moja tu.

"Bado ya nne."

"Ya nne niliiharibu," akasema. "Usimwambie Bibi. Nilipobonyeza nilimtazama mwanangu, nikaona ameanza kulia. Mara zote tatu ananiona namkimbia kwenda kule mbali, na ile ya nne akashindwa. Nikaacha jiko, nikaacha kila kitu, nikamwendea moja kwa moja. Nikakanyaga sinia."

"Ulipita mbele ya kamera?"

"Nilipita. Nilianguka."

"Ulianguka wapi?"

"Miguuni pake."

"Bibi harusi alikaa upande gani wa Bibi? Wa jiko au wa kisima?"

"Wa kisima."

"Shangazi, tazama ya nne."

Nilibembeza filamu, ingawa haikuhitaji tena kubembezwa. Nikauliza mara moja, nikauliza mara ya pili. Mwishowe nikasikia sauti ambayo niliidhania kilio, ikaongezeka, ikapasuka, na ikawa kicheko kikubwa kilichotetemesha mabakuli.

"Nimo!" akasema. "Nimekaa chini kama gunia! Miguu mbele! Na yeye ameniinamia, ananishika, na Bibi ameshika kinywa!"

"Uso wako unaonekana?"

"Wote! Na sinia linaonekana!"

Mlango ukasukumwa. Nikapiga kelele juu ya mwanga, lakini dawa ya kukaza ilikuwa imekwisha fanya kazi yake, na Bibi akaingia kuthibitisha kwa macho yake kwamba anashika kinywa. Alikanusha. Walibishana juu ya kichwa changu kwa muda mrefu, na hakuna aliyekumbuka kunifungua kanga.

Filamu ilikaushwa ndani ya chandarua cha kitanda cha Bibi, mahali ambapo hapana shaka nisingeingia. Kuhusu kuipeleka kwenye karatasi, nilianza kupanga mabakuli, na Shangazi akanitoa chumbani kwa adabu na kufunga mlango. Alikwisha jua chungu chenye weusi unaofaa. Picha tatu za kwanza, za heshima, watu wamenyooka na kamera imetii kila kanuni niliyoiwekea, hakuna aliyejishughulisha nazo. Ya nne ilitolewa nakala mpaka karatasi zangu zikaisha.

Mimi sijaiona. Nimekusanya maelezo kwa miaka, nikayalinganisha, na hayakubaliani. Shangazi alishikilia kwamba leso yake ilikuwa imekaa vizuri. Mke wa kaka alisema leso ilikuwa hewani, ina ukungu, kama bawa. Bibi hadi alipofariki alisema kwamba yule aliyeshika kinywa ni mtu mwingine.

Siku ya safari tuliwasindikiza bandarini. Meli ilitia nanga mbali, na abiria walishushwa kwanza kwenye tishari, chombo cha kuwafikisha melini, na mizigo yao. Bibi harusi alikuwa ndani ya buibui, kifuani amekumbatia bahasha pana ya kaki iliyofungwa kwa utepe wa sanduku la keki. Mama yake alimrekebishia mkunjo wa buibui ambao haukuwa na kasoro, akarekebisha tena, kisha akarudi nyuma na kuanza kumgombeza mpagazi asiyekuwa na kosa lolote. Nikasogea hatua moja, kwa umbali unaostahili.

"Imetoka vizuri?" nikauliza.

"Kaka," akasema ndani ya ushungi, "mama amekaa chini kabisa." Na akacheka, akacheka mpaka bahasha ikatetemeka, na mpaka mumewe akageuka kutazama.

Alikuwa shahidi mmoja, tena mwenye maslahi katika kesi. Nilimkubali.

Nikamwuliza kama pembeni, upande wa kisimani, palikuwa na ukungu, maana pale, mwisho wa safari yake, jicho huwa limechoka. Alisema hakupatazama.